Bahasha ya Irving: uchambuzi wa kisa cha Roman Holiday

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za harusi na sendofu, na Roman Holiday ya mwaka 1953 nimeiangalia mara nyingi kuliko muvi nyingine yoyote. Kila ninayeongea naye kuhusu hii muvi anamtaja binti mfalme na yule mwandishi wa habari, anataja Vespa, anataja zile nywele zilivyokatwa, na mimi navipenda vyote hivyo ila kila nikifika mwisho macho yangu yanamfuata mpiga picha. Jamaa mwenye ndevu, anaitwa Irving. Naomba nikichambue kisa chote kuanzia mwanzo ndo mtaelewa kwa nini.

Kisa kiko hivi. Princess Ann ni binti mfalme wa nchi ambayo hatutajiwi jina, yuko kwenye ziara ya miji mikubwa ya Ulaya, ameshapita London, Amsterdam na Paris, sasa yuko Roma. Kwenye dhifa anasimama kupokea wageni mmoja mmoja, mstari hauishi, na chini ya lile gauni refu mguu umechoka, anauchomoa kwenye kiatu ajikune kidogo, kiatu kinaanguka upande, na sasa hawezi kukifikia. Juu anatabasamu na kusalimia mabalozi, chini mguu unatafuta kiatu gizani. Sijawahi kuona namna nzuri zaidi ya kumwonyesha mtu aliyefungwa bila kutaja neno kifungo. Wale wote tuliowahi kusimama na maharusi wakati wa kupokea zawadi tunajua kabisa ule mguu unavyouma.

Usiku anasomewa ratiba ya kesho, dakika kwa dakika, huku ameletewa maziwa na biskuti kama mtoto, anazidiwa, anapiga kelele, daktari anakuja anamchoma sindano ya usingizi. Kabla dawa haijamkolea anavaa nguo za kawaida, anatoroka kwa kujificha nyuma ya gari la mizigo, anashukia mjini, na hapo ndo dawa inamshika akiwa barabarani, analala kwenye kiukuta. Anayemkuta ni Joe Bradley, mwandishi wa Kimarekani, ametoka kucheza karata ameliwa hela, anadhani binti kalewa. Anajaribu kumwachia dereva wa teksi, dereva anakataa kata kata, basi anaishia kumpeleka kwake Via Margutta 51, kichumba kimoja tu, kodi yenyewe anadaiwa.

Asubuhi Joe anachelewa kuamka na alikuwa na mkutano wa waandishi na binti mfalme saa sita kasorobo. Anakimbilia ofisini anamdanganya bosi wake, Hennessy, kwamba amehudhuria, anamsimulia mpaka majibu aliyopewa, bosi anamwacha aseme weee mpaka anamaliza ndo anamwonyesha gazeti: binti mfalme ameugua ghafla usiku, kila kitu kimefutwa. Na kuna picha. Joe anaiangalia ile picha na kichwani anamwona yule aliyemwacha amelala chumbani kwake.

Sasa hapa tupige hesabu maana kisa chote kinasimama juu ya hizi namba. Stori ya ndani ya binti mfalme, tena iwe na picha, bosi anakubali kuilipa dola 5,000, na kwa dola ya wakati ule hiyo ni hela ya kubadilisha maisha. Juu yake wanawekeana dau la dola 500 kwamba Joe hataipata. Joe tayari anadaiwa na huyohuyo bosi kama dola 500. Akishinda analipa madeni, anakata tiketi ya kwenda tu ya New York, anaondoka kwenye hiyo kazi ambayo wazi kabisa imeshamchosha. Akishindwa deni linafika elfu moja na anabaki palepale. Kwa hiyo Joe si mtu mbaya anayewinda mtoto wa watu, ni mtu amebanwa, na mtu akibanwa na kodi anaanza kuziona siri za wenzake kama mali.

Ila peke yake hawezi. Anahitaji picha, ndo anampigia rafiki yake Irving Radovich. Irving anafika kwenye mgahawa hajaambiwa kitu, anamtazama binti anaanza kusema kwa furaha jinsi anavyofanana na fulani, Joe anammwagia kinywaji, akirudia anaangushwa na kiti chake. Baadaye anaelezwa dili pembeni, anaelewa, anaingia kazini. Kamera yake iko ndani ya kiberiti cha gesi. Binti anapovuta sigara yake ya kwanza maishani, Irving anamwashia kwa kiberiti kilekile, anampiga picha.

Nataka tukae hapo kidogo. Mtu anakuegemea na uso wake kwa kukuamini kwamba unamwashia sigara, kumbe unamchukua. Watu wengi wanacheka pale, na imechezwa iwe ya kuchekesha kweli, mimi tumbo linanikaza kwa sababu najua ile hali kutoka upande wa nyuma ya lensi. Ukimpiga mtu picha hajui, unabaki na kitu chake mfukoni, yeye anaendelea na siku yake.

Siku yenyewe sitaisimulia yote, mkaione. Kabla haijaanza Joe amempa lire 1,000, ambazo ni kama dola moja na nusu, na binti kwa vile hajawahi kushika hela anafurahi kama amepewa benki. Ananunua viatu, anakata nywele, anakula aiskrimu kwenye ngazi za Piazza di Spagna. Joe anatokea kana kwamba wamekutana kwa bahati, anamuuliza angependa kufanya nini, na binti anataja vitu vya bure kabisa, kukaa nje ya mgahawa, kuangalia madirisha ya maduka, kutembea kwenye mvua. Yeye amedanganya kwamba ametoroka shule na anaitwa Anya, Joe amedanganya kwamba anauza mbolea. Halafu wanapanda Vespa, wanavuruga soko na meza za watu, wanaishia polisi, na wanajitoa kwa uongo mwingine, kwamba walikuwa wanawahi kanisani kufunga ndoa.

Kutoka polisi ndo wanaenda kwenye Mdomo wa Ukweli, lile jiwe la mviringo lenye uso, lipo mpaka leo kwenye baraza la kanisa la Santa Maria in Cosmedin. Inasemekana mwongo akitia mkono mle mdomoni unang'atwa. Joe anamwambia jaribu. Binti anasogeza vidole taratiiibu, vinafika ukingoni, anashindwa, anautoa mkono. Anamwambia Joe basi jaribu wewe, Joe anaingiza mkono, ghafla anapiga ukelele, anauvuta na kiganja hakipo! Alikuwa amekificha ndani ya mkono wa koti. Ule mshtuko wa Audrey Hepburn, aliyecheza binti mfalme, ni wa kweli, Gregory Peck aliyecheza Joe hakumwambia kwamba atafanya vile, alikubaliana na mwongozaji William Wyler tu, na ilipigwa mara moja ikatosha. Mnaona lakini kinachoendelea pale? Waongo wawili wamesimama mbele ya jiwe linalopima ukweli, wa kwanza anaogopa kwa sababu bado dhamira inamgusa, wa pili anaingiza mkono wote anafanya mzaha. Joe alikuwa na hatia kubwa zaidi na hakuogopa. Mimi nasema mpaka muda huo bado alikuwa anaiona stori yake tu.

Baada ya hapo kuna ukuta ambao watu wamebandika vibao vya shukrani. Joe anamweleza binti kwamba wakati wa vita baba mmoja akiwa na watoto wake wanne alijikinga pale mabomu yakidondoka, wakapona, akarudi kubandika kibao cha kwanza. Binti anaomba ombi lake kimya, akiulizwa anasema uwezekano wa kutimia ni mdogo sana. Muvi ilipigwa Roma kiangazi cha 1952, vita viliisha 1945, yaani ni miaka saba tu imepita. Na Hepburn mwenyewe vita vilimkuta Uholanzi, alipitia ile njaa ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 akiwa binti mdogo. Nikimwangalia amesimama mbele ya ule ukuta sioni maigizo kabisa.

Usiku, dansi kwenye mashua chini ya ngome ya Castel Sant'Angelo, maafisa usalama wa nchi yake wanamvamia wamrudishe, ngumi zinapigwa, binti anamtwanga mmoja wao gitaa la kichwa (na Irving anaipiga hiyo picha, ikumbukeni), Joe na binti wanaruka mtoni, wanatoka wametota, wanabusiana. Wanarudi kwa Joe. Redioni taarifa inasema watu wa nchi yake wana wasiwasi na ugonjwa wa binti mfalme, anaizima. Anamwambia Joe anajua kupika, kushona, kusafisha nyumba, kupiga pasi, alifundishwa vyote ila hajawahi kupata mtu wa kumfanyia. Jamani. Hilo ni tamko la mapenzi kuliko mengi niliyoyasikia kwenye maikrofoni za kumbini. Halafu anasema inabidi aende. Kwenye gari anamwomba Joe aahidi kutomtazama akishakata kona, aondoke tu amwache kama na yeye anavyomwacha.

Kuna wanaolalamika kwamba angebaki, kwamba ni muvi ya kumfundisha mwanamke kutii. Mimi sikubali. Akirudi ubalozini wakubwa wanataka kumhoji kuhusu wajibu, anawajibu kwamba kama asingekuwa anajua wajibu wake asingerudi usiku ule, wala usiku mwingine wowote. Kontesi, yule mama anayemhudumia, anakuja na maziwa na biskuti, binti anakataa. Anawatoa chumbani mwenyewe. Aliyetoroka alikuwa mtoto, aliyerudi ni mtu mzima aliyejichagulia mzigo. Na watu wa miaka ile hawakuhitaji kuelezwa, maana Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza alikuwa Kenya, kule Treetops karibu na Nyeri, baba yake akafariki huku yeye akiwa juu ya mti anaangalia wanyama, kesho yake amekuwa malkia na safari imekatika. Na mdogo wake Margaret, mwaka uleule wa 1953, magazeti yalikuwa yanaandika kuhusu yeye na mpenzi wake Peter Townsend ambaye alikuwa ameachana na mkewe, mpaka Oktoba 1955 akatangaza mwenyewe kwamba hataolewa naye. Hayo yalikuwa yanawatokea watu halisi wenye mioyo halisi.

Sasa tufike kwenye uamuzi, maana kisa ni hapa. Hennessy anakuja mpaka chumbani, ameshanusa, anajua kuna kitu, anataka stori yake. Joe anamwambia hakuna stori. Ameshindwa dau, deni limekuwa elfu, tiketi ya New York imepotea. Mara Irving anaingia na picha, anataka kuzimwaga mezani mbele ya bosi, Joe anafanya vilevile vituko vya mgahawani kumnyamazisha. Bosi akishaondoka Joe anamweleza rafiki yake kwamba yeye hataandika, lakini anamwambia wazi siwezi kukuzuia, picha ni zako, ukiuza utapata hela nzuri.

Hapa ndo watu wanapapita haraka. Joe anapenda. Mtu akipenda kukataa hela ni rahisi kidogo, kuna kitu anapata moyoni, usiku atalala na kumbukumbu ya ile busu. Irving amepata nini? Hajapendwa, hajabusiwa, hajaahidiwa kitu. Alimkopesha Joe lire 30,000 za kuendesha siku nzima kwa matumaini ya kurudishiwa kwenye mgao. Amechezewa rafu mbele za watu mara mbili na zaidi. Alikesha kusafisha filamu, na picha ni nzuri kweli, anazionyesha moja moja kwa furaha ya fundi anayejua amefanya kazi yake vizuri, maneno ya chini ya kila picha ameshayatunga. Na ameruhusiwa kuuza! Mwenye mpango mwenyewe amejitoa. Hakuna mtu duniani angemlaumu.

Mimi niliwahi kushika kitu kama kile. Ilikuwa harusi moja kubwa, bibi harusi alitoka ukumbini kwa mlango wa jikoni, mimi nilikuwa kule nabadilisha betri, akakaa kwenye kreti la soda na shela lake lote, akalia, analia huku kashikilia viatu mkononi. Nilipiga mbili kabla sijafikiria, mkono ulienda wenyewe. Kesho yake mtu wa udaku aliyesikia kuna kitu akanitafuta, akataja hela ambayo ilikuwa kodi yangu ya miezi mitatu. Sikuuza, lakini nisiwadanganye, usiku ule niliwaza mpaka alfajiri, kila nikifumba macho naiona ile hela. Picha zile nilimpelekea mwenyewe, kwenye flashi yake peke yake, hazikuingia kwenye albamu. Alizipokea hakusema kitu, alinishika tu mkono. Ndo maana nasema namwelewa Irving, na ndo maana najua kwamba muvi haijamrahisishia.

Na kuna kitu nilikuja kukijua baadaye ambacho kilibadilisha kabisa ninavyoiangalia. Stori ya Roman Holiday iliandikwa na Dalton Trumbo, lakini kwenye kopi za zamani jina lake halipo, lipo la Ian McLellan Hunter. Mwaka 1947 ile kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa inawasaka wakomunisti iliwaita watu wa Hollywood, ikitaka wajieleze na iwapate na wengine kupitia wao. Trumbo na wenzake tisa wakagoma kujibu. Wakahukumiwa kwa kulidharau Bunge, Trumbo akafungwa mwaka 1950 gereza la Ashland, Kentucky, na studio zote kubwa zikamfungia kazi. Hunter, rafiki yake, ndo akakubali stori ipite kwa jina lake. Ikashinda Oscar ya stori bora kwenye sherehe za 1954, jina lililotajwa ni la Hunter. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Hunter ndo alikuwa kata, akanyamaza, na baadaye na yeye akaingizwa kwenye orodha ileile ya waliofungiwa. Hata Wyler, mwaka ule wa 1947 alikuwa mmoja wa walioanzisha kamati ya wasanii ya kupinga yale mahojiano.

Kwa hiyo yule aliyekaa chini akawaza kuhusu mwandishi anayeombwa na bosi wake amtoe mtu na akasema hakuna stori, alikuwa mtu ambaye serikali ya nchi yake ilikuwa inamtaka aseme, na asiposema anapoteza kila kitu. Nikiangalia Joe anavyosimama mbele ya Hennessy sasa hivi namwona Trumbo mbele ya ile kamati, na nikimwangalia Irving namwona Hunter, rafiki ambaye hakuanzisha lile jambo ila limemwangukia mikononi, na analibeba. Trumbo alifariki 1976. Akademi inayotoa Oscar ilimkabidhi mjane wake Cleo ile tuzo mwaka 1993, na chama cha waandishi kikaja kulirudisha jina lake kwenye skripti mwaka 2011. Miaka karibu 60 tangu muvi itoke!

Turudi Roma, kesho yake asubuhi, kwenye kasri la Palazzo Colonna. Mkutano wa waandishi ambao uliahirishwa sasa unafanyika. Binti mfalme anaingia na mavazi yake rasmi, anawatazama waandishi waliojipanga, anawaona Joe na Irving mstari wa mbele. Ndo anajua. Muuza mbolea ni mwandishi. Angalieni uso wa Hepburn pale, anapata mshtuko na hawezi kuuonyesha, ni ule mguu na kiatu tena, safari hii ni moyo.

Na kuanzia hapo wanaongea mbele ya mabalozi na maafisa wote bila yeyote kuelewa. Anaulizwa kuhusu urafiki kati ya mataifa, anajibu kwamba ana imani nao kama alivyo na imani na uhusiano kati ya watu. Joe anaitikia kwa sauti, kwamba kwa niaba ya shirika lake la habari anaamini imani hiyo haitavunjwa. Binti anasema amefurahi sana kusikia hivyo. Basi. Kiapo kimeombwa, kimetolewa, kimepokelewa, maafisa wamesimama pembeni wanasikiliza diplomasia. Akiulizwa mji gani umempendeza zaidi anaanza lile jibu la kufundishwa kwamba kila mji una uzuri wake, anasita, halafu anasema Roma, anausema waziwazi.

Halafu anavunja itifaki, anashuka kuwasalimia waandishi mmoja mmoja. Ni ule mstari wa mwanzo wa kupokea wageni, ila huu ameuchagua mwenyewe. Anafika kwa Irving kabla ya Joe. Irving anajitambulisha, anaingiza mkono ndani ya koti, anatoa bahasha, anasema ni picha za kumbukumbu ya ziara yake ya Roma. Binti anaifungua kidogo tu, inatosha kuona, ya juu ni ile ya gitaa. Anaifunga. Anamshukuru. Bahasha ya dola elfu tano imebadili mkono mbele ya ukumbi mzima na hakuna aliyejua ni nini, na uso wa Irving umetulia kabisa, kama fundi aliyemfikishia mteja kazi yake.

Kwa Joe anasema amefurahi kumfahamu, wanashikana mikono, anapita kwa anayefuata. Anapanda ngazi, anageuka mara moja, anatabasamu, anaondoka. Waandishi wanatawanyika, Irving naye anatoka, Joe anabaki kidogo, kisha anatembea kwenye ule ukumbi mrefu mikono mfukoni, viatu vinagonga sakafu, karibu na mwisho anageuka kutazama kule alikosimama binti, pako patupu.